VeraCrypt kwenye kompyuta ya nyumba nzima: inafaa, lakini anza na akaunti

VeraCrypt inasifiwa sana kama programu ya bure ya kufungia mafaili, na inastahili. Ila wengi wanaoisifu wana kompyuta zao peke yao na wanachoogopa ni mwizi wa laptop. Nyumbani hali ni nyingine. Anayeweza kusoma barua zako ni mtu anayekaa kwenye kiti hichohicho dakika tano baada yako, anayejua tarehe zako zote za kuzaliwa na za harusi, na mara nyingi ndiye mwenye akaunti ya msimamizi. Tathmini hii inaipima VeraCrypt kwa kazi hiyo tu: kulinda mafaili binafsi kwenye kompyuta ya Windows 10 au 11 inayotumiwa kwa zamu.

Hukumu yetu tunaitanguliza. Kufuli lenyewe ni imara kuliko mahitaji ya nyumba yoyote. Matatizo yote yako pembeni yake: kontena (faili-sanduku la VeraCrypt linalobeba mafaili yako) linaloachwa wazi, nakala zinazobaki nje, na ndugu anayefuta faili asilolijua ili apate nafasi. Programu haikulindi na hayo usipoipanga, na mipangilio inayokuja nayo haikupangwa kwa nyumba yenye watu wengi.

Kabla ya kupakua chochote, kila mtu awe na akaunti yake ya Windows. Kama wote mnaingia kwa akaunti moja, VeraCrypt itakusaidia nusu tu, kwa sababu zitakazoonekana chini. Nenda "Settings", kisha "Accounts", kisha sehemu ya watumiaji wengine, ongeza mtu. Windows itadai barua pepe ya Microsoft. Ukibofya kwamba huna taarifa za mtu huyo, ukurasa unaofuata unakuruhusu kuongeza mtumiaji bila akaunti ya Microsoft. Hakikisha aina ya akaunti ni "Standard User". Akaunti ya kwanza kuwekwa kwenye kompyuta ndiyo huwa ya msimamizi, na inatakiwa ibaki moja, itumike kusakinisha programu tu.

Akaunti zikishatengana, kilichomo ndani ya C:\Users\ kwenye folda yenye jina lako hakisomeki na mtumiaji wa kawaida mwingine. Watu wengi lakini hawaweki vitu hapo. Wanafungua folda mpya moja kwa moja kwenye C: au kwenye D: wakidhani ni yao kwa kuwa wao ndio walioitengeneza. Kwa mpangilio wa kawaida wa Windows, folda ya namna hiyo inaruhusu kila mwenye akaunti kusoma, kubadili na kufuta. C:\Users\Public nayo ni ya wote. Na flashi au diski ya nje yenye mfumo wa FAT32 au exFAT haina ruhusa za mafaili kabisa, kwa hiyo akaunti haisaidii chochote pale.

Akaunti zina mwisho wake pia. Msimamizi akijaribu kuingia kwenye folda yako, Windows inamwonyesha kidirisha kinachosema hana ruhusa, chenye kitufe cha "Continue". Akikibofya, anapewa ruhusa, na inabaki ya kudumu. Hakuna nenosiri lako linaloulizwa. Vilevile, diski ikiwa haijasimbwa, yaani haijageuzwa kuwa data isiyosomeka bila nenosiri, mtu akiwasha kompyuta kwa flashi ya Linux anaona kila kitu bila kugusa Windows. Hapo ndipo VeraCrypt inapopata kazi.

Asili yake ni TrueCrypt, programu iliyoachwa na watengenezaji wake mwezi Mei 2014. VeraCrypt ilikuwa imeshajitenga nayo tangu 2013, chini ya kampuni ya IDRIX ya Ufaransa. Mwaka 2016 kampuni ya QuarksLab iliikagua, kasoro nzito zikapatikana, na nyingi zikarekebishwa katika toleo la 1.19. Kama una kontena la zamani la TrueCrypt, fahamu kwamba matoleo kuanzia 1.26 hayalifungui, la mwisho linaloweza ni 1.25.9.

Kusakinisha kunahitaji msimamizi mara moja. Baada ya hapo mtumiaji wa kawaida anaweza kutengeneza kontena na kulifungua mwenyewe. Kontena ni faili moja kubwa ambalo ukilifungua kwa nenosiri linatokea kama diski yenye herufi yake, tuseme P:. Hatua zake: "Create Volume", chagua kontena la faili, chagua la kawaida, kisha mahali pa kuliweka.

Hapo kwenye mahali, simama kidogo. Kila mgeni wa programu hii anavutwa kuchagua faili lililopo tayari, mathalani picha au hati anayotaka kuificha, akiamini litafungwa. VeraCrypt haisimbi faili ulilolichagua. Inalifuta na kuweka kontena tupu mahali pake. Onyo linatolewa, lakini limeandikwa kwa aya ndefu na watu wanalipita. Andika jina jipya, lisilokuwepo kwenye folda hiyo.

AES (njia ya kusimba) na SHA-512 (njia ya kugeuza nenosiri kuwa ufunguo) zinazochaguliwa zenyewe ziache zilivyo. Kuchanganya AES na njia nyingine, Twofish na Serpent, kunapunguza kasi na hakuna ndugu atakayezuiwa na tofauti hiyo. Ukubwa: kwa hati, vyeti vilivyoskaniwa na taarifa za benki, GB 2 zinatosha na kubaki, kwa picha hesabu mara mbili ya ulizonazo sasa. Ukijaza kontena, njia nyepesi ni kutengeneza jipya kubwa zaidi na kuhamisha. Lile chaguo la "Dynamic", linalokuza kontena kadiri unavyoongeza vitu, liepuke: ni la polepole, na diski yenyewe ikijaa, kontena linaweza kuharibika huku likikuonyesha kwamba nafasi bado ipo.

Nenosiri likiwa chini ya herufi 20 programu inalalamika. Ina sababu. Maneno matano au sita yasiyohusiana, yenye nafasi katikati, yanafikisha idadi hiyo bila kukuumiza kichwa. Usitumie nenosiri la Wi-Fi wala lile la akaunti yako ya Windows, kwa kuwa hayo ndiyo watu wa nyumbani watakayoanza nayo. Kufungua kontena kunachukua muda kidogo, na kwenye kompyuta ya zamani utausubiri: nenosiri linapitishwa kwenye hesabu ileile mara 500,000 ili anayekisia akwame. Ukiacha programu itafute yenyewe njia iliyotumika kwenye nenosiri, inazijaribu zote. Ukichagua SHA-512 kwenye kidirisha cha nenosiri, subira hiyo inapungua sana.

Swali la mfumo wa faili (namna diski inavyopanga mafaili) lina mtego unaowahusu hasa wenye akaunti za kawaida. FAT haipokei faili linalofika GB 4, kwa hiyo video ndefu itakataa kuingia. NTFS inapokea, lakini kutengeneza kontena la NTFS kunahitaji msimamizi. exFAT nayo inapokea mafaili makubwa, basi chagua hiyo, na programu ikidai msimamizi, aandike nenosiri lake mara hiyo moja. Kisha sogeza kipanya ovyoovyo ndani ya dirisha mpaka mstari wa chini ugeuke kijani, na ubofye "Format". Kitakachofomatiwa ni kontena tu. Diski yako haiguswi.

Sasa tufike kwenye kasoro inayoikosesha VeraCrypt alama nyingi kwa matumizi ya nyumbani. Kontena likiwa wazi, linakuwa wazi kwa kila mtumiaji aliyeingia kwenye kompyuta hiyo. Ukifungua P: kwenye akaunti yako, ukainuka, na mwenzako akatumia "Switch user" kuingia kwenye akaunti yake, ataiona P: kwenye orodha ya diski zake na kuifungua bila kuulizwa nenosiri. Kubadilisha mtumiaji hakufungi kontena. Watengenezaji wameliandika hilo wazi kwenye maelekezo yao, wala si hitilafu, ndivyo ilivyokusudiwa. Ruhusa za NTFS zingeweza kumzuia, lakini mtumiaji wa kawaida hawezi kutengeneza kontena la NTFS peke yake, na exFAT haina ruhusa. Unabanwa pande zote mbili.

Dawa iko kwenye "Settings", kisha "Preferences", sehemu ya kufunga kontena zenyewe. Weka alama kwenye kufunga mtumiaji anapotoka, kipindi kinapofungwa, kiwambo cha mapumziko kinapoanza, na kompyuta inapoingia kulala. Hiyo ya pili ndiyo muhimu kuliko zote: ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, kontena linafungwa papo hapo. Weka pia muda wa kutotumika. Dakika 10 au 15 zinafaa nyumbani.

Kuna mambo mawili yanayoweza kuliharibu hilo. Kwanza, kufunga kwenyewe kunategemea kile kialama cha VeraCrypt kilicho karibu na saa. Mtu akikizima kwa sababu hakijui, au wewe ukizima kazi ya nyuma kwenye mipangilio, kontena halijifungi tena na hakuna atakayekuambia. Pili, kuna chaguo la kulazimisha kufunga hata kama kuna faili lililo wazi. Bila alama hapo, hati moja tu iliyoachwa wazi kwenye Word inatosha kuzuia kufungwa. Ukiweka alama, kontena litafungwa, ila usichokihifadhi unaweza kukipoteza. Sisi tunapendekeza kulazimisha, pamoja na mazoea ya Ctrl na S.

Usiguse chaguo la kukumbuka nenosiri kwenye kumbukumbu ya programu. Likiwashwa, kontena linafunguka tena bila kuuliza mpaka kumbukumbu ifutwe. Kwa upande mwingine, alama ya "Never save history" kwenye dirisha kuu iache ilipo. Bila hiyo, anayefungua programu kwenye akaunti yako anaona mahali kontena lilipo.

Mafaili mengi yanayovuja hayavuji kwenye kontena. Yanavujia nje yake, na hili ndilo watu hawalitarajii.

Unapohamisha hati kutoka Documents kwenda P:, Windows inanakili kisha inafuta ya zamani. Kufuta maana yake ni kuondoa jina kwenye orodha. Kwenye diski ya kawaida yenye sahani, programu ya kurudisha mafaili inaweza kuirudisha hati hiyo. Amri ya cipher /w:C:\ inaandika juu ya nafasi yote iliyo tupu na inaweza kuchukua saa kadhaa. Kwenye SSD data ya namna hiyo kwa kawaida huondoka yenyewe baada ya muda, ingawa huwezi kuapa. Kama Documents ilikuwa inapelekwa OneDrive, nakala ya zamani ipo kwenye kapu la taka la wingu kwa siku 30, na anayejua kuingia huko anaiona.

Kisha kuna mabaki ya kila siku. Word inaandika nakala ya dharura kwenye AppData. Windows inatunza picha ndogo za mafaili uliyoyatazama kwenye thumbcache, na orodha ya yaliyofunguliwa karibuni. Kiambatisho ulichokifungua kutoka kwenye barua pepe kinashuka kwanza Temp au Downloads kabla hujakipeleka popote. Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba karibu vyote vinaangukia ndani ya folda yako ya mtumiaji. Ndiyo sababu tulianza na akaunti: mnapotumia akaunti moja, kontena lako linaweza kuwa limefungwa vizuri huku jina la hati ya talaka au la vipimo vya hospitali likisomeka kwenye orodha ya karibuni. Mkiwa na akaunti tofauti, mabaki yanabaki upande wako. Zima orodha hiyo kwenye "Settings", "Personalization", "Start". Na anayetaka kwenda mbali zaidi azime hali ya kuhifadhi kumbukumbu ya kompyuta kwenye diski inapolala (hibernation) kwa amri ya powercfg /h off, akiwa msimamizi.

Kivinjari kina hesabu yake. Wasifu tofauti ndani ya Chrome chini ya akaunti moja ya Windows haumzuii mtu. Anabofya picha yako na kuingia.

Tukirudi kwenye kontena, liwekwe wapi? Kusimba kunazuia kusoma, hakuzuii kufuta. Faili la GB 20 lenye jina lisiloeleweka likiwa kwenye D: litafutwa siku diski itakapojaa, na atakayelifuta atakuwa na nia njema kabisa. Ushauri unaosambaa wa kulipa jina la video, .mp4, ni mbaya hapa: mtu atajaribu kuicheza, itagoma, ataifuta kwa kuwa imeharibika. Liweke ndani ya folda yako ya C:\Users, nje ya Documents na Desktop ili OneDrive isilifuate, na ulipe jina la kuchosha lenye .hc mwishoni. Kwa sababu hiyohiyo hatupendekezi kusimba flashi nzima. Windows ikikutana na flashi ya aina hiyo inasema inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, na mtu asiyejua atabofya ndiyo. Kontena ndani ya flashi ya kawaida halileti swali hilo.

Kuhusu nakala rudufu kuna jambo moja lisilojulikana sana. VeraCrypt, ili isionyeshe ni lini kontena lilitumika, hairuhusu tarehe ya faili hilo ibadilike. Programu nyingi za nakala rudufu na za wingu zinaangalia tarehe na ukubwa. Vyote vikiwa vilevile, zinaliruka. Unaweza kukaa mwaka mzima ukiamini una nakala, kumbe iliyoko ni ya siku ya kwanza. Ondoa alama ya kuhifadhi tarehe za kontena kwenye "Preferences", na unakili kontena likiwa limefungwa. Tunza pia nakala ya kichwa cha kontena kupitia "Tools", "Backup Volume Header". Hicho ndicho kinachobeba ufunguo, na kikiharibika nenosiri sahihi halitasaidia. Programu ina nakala yake mwishoni mwa kontena, ila ya nje ni salama zaidi.

Hapo kuna la kuangalia. Ukibadilisha nenosiri, ufunguo wa ndani haubadiliki, unafungwa upya tu. Aliyejua nenosiri la zamani na ana nakala ya kichwa cha zamani bado anaweza kuingia. Ukishuku kwamba mtu amelijua, tengeneza kontena jipya, hamisha, ufute la zamani pamoja na nakala zake.

Mbadala? Kwa hati mbili tatu, nenosiri la Word lenyewe linatosha. Tangu Office 2007 linatumia AES. 7-Zip ni nzuri kwa vitu vya kuhifadhi na kusahau: chagua muundo wa 7z na uweke alama ya kusimba majina ya mafaili, la sivyo majina yanasomeka bila nenosiri. Usiitumie kwa kazi ya kila siku, maana kila faili unalolifungua linatolewa kwenye Temp, ndani ya folda inayoanza na 7zO, na programu ikianguka folda hiyo inabaki. Cryptomator inasimba faili mojamoja, kwa hiyo inakwenda vizuri na wingu kuliko kontena moja kubwa, ila idadi ya mafaili na ukubwa wao vinaonekana. Windows Home haina EFS, njia ya Windows yenyewe ya kusimba mafaili. Lile chaguo la kusimba kwenye "Advanced" ya sifa za faili utalikuta limefifia. Programu za "kufunga folda" zinazotangazwa kila mahali tunazikataa. Nyingi zinaficha tu, na folda inaonekana ukiwasha kompyuta kwa flashi ya Linux.

Mwenye Mac hana haja ya VeraCrypt, inayohitaji programu nyingine ya nyongeza kama macFUSE: Disk Utility inatengeneza diski iliyosimbwa kwa AES ya biti 128 au 256 bila kusakinisha kitu. Kwenye Linux inafanya kazi, lakini kufungua kontena kunadai haki za msimamizi, jambo linalomkwamisha mwenye akaunti ya kawaida.

Tunaipa VeraCrypt alama nane kati ya kumi kwa nyumba ambayo kila mtu ana akaunti yake, na nne kwa ile inayotumia akaunti moja. Kama msimamizi wa kompyuta ndiye unayetaka asione, hatuipi alama. Yeye anaweza kusakinisha programu inayorekodi kila kitufe unachobonyeza, au kunakili P: ikiwa wazi. Chaguo la kuandika nenosiri kwenye dirisha lililotengwa, "Secure Desktop", linapunguza hatari ya kurekodiwa lakini haliondoi. Katika hali hiyo kontena likae kwenye flashi yako na lisifunguliwe kwenye kompyuta hiyo hata mara moja.